Hodi ya Tatu

Muscat, Jumanne alasiri. Joto la leo halina adabu. Kiyoyozi kinakoroma, mimi usingizi sina.

Tumerudi kutoka India juzi. Nilimpeleka Mama kutibiwa goti, na siku ya mwisho dereva akatupitisha kwenye mahekalu ya kale ya Wahindu, yaliyochongwa ndani ya mlima. Mama alibaki garini na goti lake. Mimi kuchora ramani za nyumba ndiyo riziki yangu, nikaingia kwa tamaa ya kazi.

Pale hakuna kilichojengwa. Waliuchimba mlima kuanzia juu, dari kwanza, sakafu mwisho. Nguzo hazikusimamishwa, ziliachwa tu, mawe ya pembeni yalipoondolewa. Patasi ikikosea, jiwe halirudi. Nilizigusa alama za patasi, moja baada ya nyingine.

Mlango wa chumba cha ndani kabisa ulikuwa mweusi tii. Nikafanya nilivyolelewa, kizazi cha Unguja mimi: nikapiga hodi. Mara tatu. Muislamu mzima, naibishia hodi miungu ya mawe! Kimya. Nikaingia.

Nilipomsimulia Mama garini, alicheka mpaka akalishika goti.

"Wee mwanangu! Hodi tatu hukuitikiwa, nawe ukaingia? Nshakufunza mara ngapi? Ya tatu ikipita, mtu hurudi."

Sikucheka. Tangu siku ile nikifumba macho nauona mlango ule, ila ndani yake ni chumba cha Baba.

Haya sijamwambia mtu.

Mwaka jana, siku aliyofariki Baba, Mama alikuwa mji wa Qurayyat kwa dada yake. Jamaa wote wanajua kwamba jioni nilimkuta Baba ameshakufa. Hawajui kwamba nilifika mchana pia. Tulikuwa tumegombana. Nilipiga hodi tatu kwenye mlango wa chumba chake, hakuitika, nikasema amenuna, nikaondoka. Daktari alisema moyo ulianza kumsumbua tangu mchana. Pengine alikuwa ananisikia.

Ilikuwa hasira, nami nikaiita adabu.

Kwa mawe niliingia. Kwa baba yangu nilirudi.

Na Mama anajilaumu yeye. Kila Ijumaa husema asingekwenda Qurayyat, mumewe angepona. Namsikia, namimina chai.

Naogopa. Nikishamwambia, neno halirudi, na huenda mama niliyemzoea naye asirudi.

Sasa hivi amejipumzisha chumbani, mlango ameurudisha. Naenda kupiga hodi. Ya tatu ikipita kimya, naingia.