Mlango wa Chumba cha Injini

Mjukuu wangu Akello,

Hapa Lubaga hatujambo. Mama yako amepona mguu na ameanza tena kwenda sokoni. Umeniuliza kama niliogopa maharamia walipotuvamia karibu na Somalia, nikiwa mpishi kwenye meli ya mahindi ya msaada. Niliogopa sana.

Walipopanda melini, nahodha aliomba msaada wa wanajeshi kwa redio, akazima injini, nasi sote tukajifungia katika chumba cha injini. Siku ya pili mlango ukagongwa.

"Fungueni! Sisi ni wanajeshi!"

Hakuna aliyesogea, maana hata haramia angeweza kusema hivyo. Nahodha akawaita wanajeshi kwa redio: "Kama ni ninyi, gongeni mara tatu, mtulie, kisha mgonge moja." Wakagonga vilevile. Tukakumbatiana tukilia.

Huko juu maharamia walikuwa wamefungwa miguu. Niliambiwa niwapikie watu wote chai. Mzee mmoja wao alipokea kikombe, akaniambia kwa Kiswahili, "Asante, ndugu. Hata mimi nashukuru imekwisha."

Nilitaka kumkasirikia, mjukuu wangu, lakini hasira haikuja. Nilimwongezea chai.

Akupendaye,
Babu Okello