Alama Nne kwa Mpiga Tari

Ijumaa, 2 Agosti 1957

Tumesikiliza santuri nne leo baada ya chakula. Ile ya Misri yenye ufa, 8 kama kawaida. Ya Kihindi ya filamu nimeishusha kutoka 6 hadi 5, yule bibi analia mno na sababu haijulikani. Ya Mombasa ya udi mtupu, 9. Mjomba Salehe naye kaipa 9. Tukapeana mikono kama wazee wa baraza.

Ya nne ni ya chama cha taarabu cha hapahapa Tanga. Ya zamani. Karatasi yake ya katikati imefifia, yanasomeka maneno mawili tu: na wenzake. Nimeipa 4. Nimeandika kwenye daftari la alama: Mwimbaji mzuri. Mpiga tari anachelewa, kaharibu wimbo mzima.

Mjomba kaipa 9.

Nimemwuliza kwa nini. Kasema, "Kwani wewe Mwalimu umeisikia mara ngapi?" Ananiita Mwalimu kwa sababu ya penseli yangu nyekundu. Nikamwambia na hii ya leo ni tano. "Ukifika kumi njoo tuzungumze. Santuri haipewi alama kabla ya kumi."

Hiyo kanuni kaitunga leoleo. Zile nyingine thelathini hakuzidai kumi.

Jumapili, 4 Agosti

Ya sita. Bado 4.

Mjomba kanionyesha mchezo. Kang'oa kile kichwa cha gramafoni chenye kushika sindano, kakiweka pembeni. Kachukua mwiba wa mlimau, kauchomeka kwenye ncha ya karatasi aliyoikunja kama ya kufungia njugu, kisha kauegemeza kwenye ile ya Misri inapozunguka. Polepole sana, kama anamgusa mtoto aliyelala. Wimbo ukatoka kwenye karatasi. Mdogo, wa mbali, kama unaimbwa ndani ya tumbo la mbu. Nimecheka hadi Mama katoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kama mjomba na mpwa wake wamerudi utotoni wote wawili.

Shuleni sisemi. Madam akiuliza swali jibu ninalo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ulimi unaganda kwa lugha zote mbili. Wananiita Bubu. Wakija wageni nyumbani naingia jikoni. Kwa Mjomba tu ndiyo nina mdomo.

Madam anataka tuandike shajara kwa Kiingereza. Ile ninayo, kila siku nimemsaidia mama yangu na hali ya hewa ilikuwa nzuri. Hii haisomi mtu.

Ijumaa, 9 Agosti

Ya saba. Leo nimevuka mpaka.

Nilichukua sinia nikamwigiza yule mpiga tari. Mwimbaji akimaliza mstari nasubiri, nasubiri, halafu ndo napiga. Nikafumba macho kama mtu aliyesinzia. Nikasema huyu bwana walimwokota njiani, chama kilikosa mtu. Mjomba kacheka kidogo. Kisha kaenda kukaa kwenye cherehani yake, akawa anakanyaga tu. Hakukuwa na nguo chini ya sindano. Nimeona.

Mkaza mjomba, mkewe, alikuwa mlangoni. Akafungua mdomo kuniambia kitu. Mjomba akasema, "Mwache, Rukia. Bado tatu."

Sijui nimekosea nini. Ila nimekosea.

Jumanne, 13 Agosti

Mjomba ana homa. Hajafungua duka. Suruali za watu zimelala mezani zimekatwa hazijashonwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Kikohozi. Akikohoa anashika ubavu. Mama anasema kichomi. Wamempeleka hospitali kwa gari la jirani. Nilitaka kumwambia neno wakati wanampakia, watu walikuwa wengi.

Ijumaa, 16 Agosti

Ijumaa bila santuri. Nimezipangusa zote thelathini na moja. Sikuweka hata moja.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimeruhusiwa kumwona. Amekuwa mdogo kitandani. Shikamoo yangu haikutoka vizuri, aliisoma midomoni. "Marahaba, Mwalimu. Tuko ngapi?"

Saba.

"Malizia. Usinisubiri mimi."

Nikasema nitamsubiri. Ndilo nililolisema, neno hilo moja, na nililisema kwa hasira.

Jumatano, 21 Agosti

Mjomba amefariki. Alfajiri.

Alhamisi, 22 Agosti

Wamemzika jana baada ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki. Nikasikia sauti za wanaume zikiondoka na jeneza, zikakata kona ya kwenda barabara kuu, nikazifuata kwa masikio hadi zikaisha. Mtaa wote wa Makorora ulikuwa kwetu. Niligawa maji. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Mtoto gani huyu, kalelewa na marehemu na hata chozi hana." Mwenziwe akamjibu, "Ndo wasomi hao."

Nilikwenda chooni nikauma kanga.

Jumamosi, 24 Agosti

Matanga yameondoka leo. Majamvi yamekunjwa. Mkaza mjomba amekaa eda kwenye chumba cha ndani, miezi minne ya mwandamo na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki. Cherehani imefunikwa shuka.

Mama kang'oa kichwa cha gramafoni, kakichukua na kile kibati cha sindano, kafungia sandukuni. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake. Hakuna muziki humu hadi arobaini. Sikubishana. Nani anataka muziki.

Jumatatu, 2 Septemba

Mimi nataka. Aibu kuandika. Sitaki muziki wote, nataka ile moja. Nimebakiwa na mara tatu na sijui anachokisikia yeye humo ndani ni nini. Alichokuwa anakisikia.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeisoma kwa macho. Nimeiinamisha kwenye mwanga wa dirisha nikatazama mistari yake. Inang'aa, inazunguka, haisemi.

Shuleni Madam kanisimamisha nisome. Nikasimama. Sikusoma. Kanikalisha.

Jumanne, 10 Septemba

Siku nzima sikumwambia mtu neno. Hakuna aliyegundua.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika haraka.

Mama alikwenda sokoni Ngamiani. Mkaza mjomba amelala. Wanaume wako msikitini, mtaa mzima kimya. Nikajiambia wimbo wa kwenye karatasi si muziki. Nani ataita muziki kitu kidogo hivyo. Na Mjomba mwenyewe alisema nimalizie.

Nilihitaji mwiba. Mlimau uko kwa jirani. Ningepiga hodi, ningeamkia, wangeniuliza mwiba wa nini, ningejibu. Nilifika hadi mlangoni kwao. Nikarudi. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote naandika hili: nilishindwa kuomba mwiba.

Nikafungua droo ya cherehani nikachukua sindano ya cherehani ya Mjomba. Mpya. Nikaichomeka kwenye karatasi, nikazungusha hendeli, nikaegemeza. Ikatoka sauti. Mwimbaji yule, mbali. Tari sikuisikia vizuri. Nikainamisha sikio, bado. Nikakandamiza kidogo. Halafu nikakandamiza tena.

Kikatoka kitu kama kitambaa kinachanika. Karatasi ikaniruka mkononi. Kuna unga mweusi kwenye ncha ya sindano. Kuna mkato mweupe kwenye santuri, umekata mistari kwa mistari, kama kucha ya paka.

Mama alikuwa mlangoni na kapu lake. Akasema, "Mjomba wako arobaini haijafika, unamfanyia ngoma?" Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Na Mkaza mjomba hakuwa amelala. Nilisikia kitanda chake kikilia.

Jumamosi, 14 Septemba

Mtu yeyote aliyewahi kuwa na gramafoni anajua. Sindano ya cherehani ni chuma kigumu, imetengenezwa kutoboa. Mwiba ni laini, unakufa wenyewe na santuri inabaki. Mjomba hakunieleza kwa sababu hakudhani nina upumbavu wa kiasi hicho.

Jumapili, 15 Septemba

Sili. Mama anadhani nimekasirika.

Jumatano, 18 Septemba

Nimejipa alama. 0. Penseli nyekundu.

Jumapili, 29 Septemba

Khitma ya arobaini. Baba katoka Pangani, kakaa na wanaume, kaniuliza niko darasa la ngapi. Pilau. Watu wamekula wakasema Salehe alikuwa mtu wa watu, akikushonea suruali huirudishi. Hakuna aliyetaja santuri.

Jioni Mama kanirudishia kichwa cha gramafoni na kibati. Kaviweka kitandani kwangu. Sijavigusa.

Jumatatu, 30 Septemba

Mkaza mjomba kaniita ndani. Kanikalisha chini, kwenye mkeka. Kaniambia nimletee ile ya na wenzake. Hataki kuisikia, yuko eda. Anataka kuishika tu.

Niliileta nikiwa nimeziba mkato kwa kiganja. Kaniondolea kiganja. Kapitisha kidole pale, mara mbili.

Kisha kanieleza. Wakati ule Mjomba ni kijana, fundi mwanafunzi, kaingia chamani miezi mitatu tu. Wakaja watu na mashine ya kunasa sauti, wakafunga mapazia ya chumba kizima, joto la kufa. Mpiga tari wao akaugua siku hiyo. Wakamsukuma Salehe apige yeye. Alikuwa anatetemeka hadi vile visahani vya tari vikawa vinalia vyenyewe kabla hajapiga, akaambiwa avishike. Ndiyo akawa anachelewa: anavishika, halafu ndo apige. Wenziwe wakaomba wimbo urudiwe. Mwenye mashine akakataa. Mji mzima ukamwita Bwana Chelewa mwaka mzima. Hakupiga tari tena mbele ya watu. Aliinunua ile santuri mwenyewe, akakaa nayo.

Kumbe alikuwa mwoga. Mjomba yule aliyekuwa akiwachekesha watu dukani kutwa. Mwoga kama mimi, na alikwisha kujua mimi ni mwoga, na alikuwa anangoja mara ya kumi aniambie.

Nikamwuliza Mkaza mjomba kwa nini aliipa 9. Kasema hajui. Kasema Mjomba alikuwa akisema ile alama moja aliyoipunguza kwenye kumi ni ya joto.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilichukua sinia. Nikamwigiza. Nikafumba macho. Nikasema walimwokota njiani.

Mbele yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimejaribu kufuta ile 4. Penseli nyekundu haifutiki, inapaka tu. Karatasi ikatoboka. Sasa kuna tundu, na pembeni ya tundu bado yanasomeka anachelewa.

Jumanne, 5 Novemba

Sina la kuandika. Shule, maji, nyumbani. Zile thelathini hazina kosa na siwezi kuzisikia. Nikiiweka ya udi naona mkono wake unakuja kupeana na wangu. Nimeacha kutoa alama. Mama anadhani nimekua.

Jumatano, 18 Desemba

Taarifa ya shule imefika. Madam kaandika mwanafunzi ana akili ila hashiriki. Mama kaniambia nimsomee. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikaruka mwisho.

Ijumaa, 27 Desemba

Mkaza mjomba katoka eda leo. Kaoshwa asubuhi, kavaa kanga ya rangi, kakaa ukumbini kama mgeni. Wanawake walipoondoka na Mama kalala mchana, kaniambia, "Haya, Mwalimu."

Hajawahi kuniita hivyo.

Nikamwambia imeharibika. Kasema anajua imeharibika, macho anayo. Nikamwambia nimeiharibu mimi, kwa sindano ya cherehani ya Mjomba, kwa sababu niliona haya kuomba mwiba kwa jirani. Yote hayo niliyasema kwa mdomo. Kaitikia kwa kichwa. Hakunisamehe wala hakunilaumu. Kasema weka.

Sindano mpya. Mwimbaji akaanza, mzuri vilevile. Tari ikachelewa. Sasa nikajua kwa nini, nikasikia na kile kimya kidogo kabla yake, mtu anashika visahani visilie. Mara saba nilikisikia kile kimya nikakiita uvivu.

Ikafika kwenye mkato. Sindano ikaruka nyuma, ikarudia palepale. Kimya kidogo, tari. Kimya kidogo, tari. Wimbo hauendi mbele. Nilinyoosha mkono niiondoe. Mkaza mjomba kaushika mkono wangu, kauweka gotini kwake.

Tukakaa. Springi ikalegea taratibu, kile kimya kikazidi kurefuka, halafu ikasimama.

Hiyo ni ya nane. Zimebaki mbili, na itakuwa hivihivi, haitavuka pale. Nimeirudisha kwenye mfuko wake. Sikuandika alama.