Mususa imebaki bila kichina

Siku ya Yenga, siku ya kanisa, Butembo. Tangu asubuhi ni mvula ndogo-ndogo, na baridi inaingia mpaka chini ya blanketi.

Ba-Chinois benye balikuwa banajenga barabara balienda jana.

Benye habanijui bado: niko Kavira, mukalimani. Serikali yetu na ile ya China zilipatana, na ndani ya mapatano kulikuwa barabara, kulikuwa pia bourse za kusomesha vijana ba Kongo kule. Mimi nilipata bourse. Nilirudi hapa Mususa, quartier yetu ya Butembo, na lugha ambayo mama yangu anaiita makelele. Kisha barabara ikanifuata. Kampuni ikaweka kambi inje ya muji, na mimi nikawa kinywa cha chantier, pale penye kazi ya barabara. Ingénieur Lin, mukubwa wa kazi, anasema, mimi nasema. Papa Muhindo, kapita, musimamizi wa bafanyakazi, anajibu, mimi narudisha.

Batu ba quartier balisema niko bibi ya Lin. Hapana. Ni kwamba saa ya kula tulikaa pamoja, na alikuwa anacheka mizaha yangu. Nani mwingine hapa anajua kama kwa kichina niko muchekeshaji?

Mwezi uliopita mama yake Lin alikufa kwao. Hakuweza kufika kwa maziko. Alikuja kazini, akapima barabara kama kawaida, kisha akaniambia, kwa sauti ya mutu anayeomba chumvi. Nilimwambia Papa Muhindo. Jioni batu ba chantier balifika kambini pamoja na bibi zao, bakatandika mikeka, bakawasha moto, bakaimba nyimbo za kanisa. Lin aliniuliza kwa nini banakuja, na mama yake habakumujua. Nikamujibu kwamba kwetu ni hivyo. Akakaa katikati yao. Ndipo akalia, kwa nguvu, kama mutoto, na Mama Muhindo akamushika mabega.

Kisha usalama ukaharibika tena upande wa Beni, na amri ikatoka kwao China: barudi bote.

Jana, kabla ya kutoka kambini, bafanyakazi balisimama karibu ya gari bakauliza kama kazi itaendelea. Lin akajibu kwamba itategemea serikali mbili. Ningeweza kutia sukari kidogo. Nilisema vile alivyosema, nikaona nyuso zao zinaanguka, na uso wangu vilevile, kwa sababu kazi yangu iliishia palepale.

Papa Muhindo akamupa Lin mukono, halafu akaniangalia.

"Mwambie hivi: ulilia hapa kwetu, donc uko wa hapa."

Nilitafsiri. Lin akainamisha kichwa, na hakukiinua mpaka gari likawaka.

Nilisindikiza Ba-Chinois, basoda mbele yetu, mpaka uwanja wa ndege wa Beni. Pale tuliongea kidogo tu. Alisema nisiache lugha inikauke mudomoni. Nikaitika. Ndege ikapanda, mimi nikarudi Butembo.

Leo nilikuwa naosha sahani, nikajisikia nasema kichina peke yangu. Nilijiuliza swali, nikajijibu. Kisha nikaona haya.

Baada ya kanisa Papa Muhindo alisimama mulangoni kwangu, kofia mukononi, amelowa. Alitaka nimufundishe kitu kimoja cha kumwambia Lin kwa simu, bila mimi katikati. Nikamuuliza kitu gani.

"Pole," akasema. "Siku ile ya kilio nilikuwa karibu yake, mais nilikuwa bubu."

Nilimwambia arudi kesho, nitafute kwanza. Tangu saa ile niko natafuta. Kichina kina neno la kuomba musamaha. Kina neno la kumwambia mutu kwamba amechoka. Lakini pole, ile ya kukaa na mutu, sijaiona ndani ya neno moja. Itabidi nimufundishe sentensi nzima, na mudomo wake hauna haraka. Atasema, mimi nitarudilia, atasema tena.

Kesho, hapa Mususa, tutakuwa babili benye kusema kichina.