Sura ya Rehema Ukutani

Jumatatu, 4 Agosti

Mwanangu Zuhura kachovya mkono kwenye kopo la udongo mweupe, kaubandika ukutani, kisha kajilamba vidole. Miaka mitatu, adabu hana. Nimecheka. Mara ya kwanza tangu tumzike mdogo wake, Rehema, mwezi wa nne. Nikashtuka kujisikia nacheka. Nikalia.

Tunasiriba nyumba kwa udongo mwekundu, mweupe ni wa mapambo. Jumamosi wanakuja wageni wa harusi ya wifi, kutoka Ruangwa. Kando ya kiganja cha Zuhura nikachora kwa mkaa. Shavu tu. Shavu la Rehema.

Jumatano, 6 Agosti

Picha yake hatuna. Kaishi miezi mitano, tukawa tunasema tutampiga picha tukishauza ufuta. Sasa naanza kumsahau sura. Hilo ndilo linaniua. Usingizi sina. Chakula hakipiti. Ila nikishika mkaa, kifua kinaachia. Leo nimechora macho na nywele. Jioni nimekula ugali wote.

Mama mkwe kasimama nyuma yangu muda mrefu. Kasema marehemu haachwi ukutani anatazama watu, Ijumaa atapaka udongo juu yake. Namwogopa. Hata msibani hakutoa chozi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkaa unapukutika. Nimekoroga udongo mweupe na uji wa muhogo ili ushike. Umeshika. Katoka vilevile, kama alivyokuwa akishanyonya. Nimfaidi leo, kesho anafunikwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelala mpaka alfajiri. Nimeamka nakuta mbuzi wa jirani kamlamba Rehema. Uji ule. Macho, pua, vyote. Limebaki sikio moja. Ujinga wangu mwenyewe. Nikakaa chini kama siku ile ya msiba.

Mama mkwe katoka na mchi, kamkimbiza mbuzi mpaka njia ya Chiola, kamtukana mwenye mbuzi pamoja na ukoo wake wote. Karudi anahema. Kumbe analia.

Kaingia jikoni, katoka na majivu kwenye ungo.

"Changanya na haya, mama Zuhura. Majivu mbuzi halambi. Mchore tena."

Nikamwambia sura imenitoka.

"Anza na sikio. Si limebaki?"

Nimeanza na sikio. Mkono ukaenda.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wameondoka. Nyumba nzima nyekundu mpya, isipokuwa pale kando ya mlango, alipo Rehema. Hakuna aliyeuliza.

Bado inauma. Asubuhi bado napapasa kitandani upande wake. Lakini naamka, nafagia, namchana Zuhura nywele.

Leo mama mkwe kaniambia kitu. Kabla ya kumzaa mume wangu alizaa mtoto wa kike, kule Kilimarondo. Hakumaliza mwaka. Somoe, jina lake. Miaka yote hakumtaja. Sasa kakoroga udongo mwenyewe, na majivu, kaweka kopo karibu na mlango. Naandika anavyonieleza nisije kukosea: paji pana, nyusi zimekutana, na kidevu...

Ananiita. Anasema kakumbuka, kidevuni alikuwa na kishimo. Naenda kumchora Somoe.