Mto wa Sufi wa Kinyozi

4 Februari

Mwanangu,
Salamu kutoka kwa baba yako kinyozi. Chakula kinashuka, miguu inatembea, ila usingizi umenikimbia tangu tumzike mama yako, na huu mto wa sponji niliouziwa sokoni umenimaliza shingo. Jana nilisinzia nikiwa na wembe mkononi, mwalimu mkuu yuko kitini. Nikaondoka na nusu ya sharubu zake. Aliinuka, akavuka barabara kwenda kwa kinyozi wa pili. Nisipolala nitafunga banda, na nikibaki nyumbani kutwa peke yangu nitachanganyikiwa.
Wewe mshona mashuka, unalalia nini huko?
Baba yako

11 Februari

Shikamoo Baba,
Sisi wazima, mjukuu wako ameota jino. Pole na shingo, na mwalimu naye mpe pole yangu.
Achana na sponji, inashika joto. Tafuta mto uliojazwa kitu cha asili. Pamba ni nzito na hufanya mabonge. Manyoya ya bata ni laini lakini kichwa kinazama. Mimi ningekuchagulia sufi, ile pamba ya mti wa msufi, ni nyepesi na inapitisha hewa. Niambie tu unalala chali au kiubavu, nijue kimo cha mto.
Mwanao

26 Februari

Mwanangu, marahaba. Nibusie huyo mwenye jino.
Kusubiri nimeshindwa. Umesema kitu cha asili, nikatazama sakafu ya banda langu: asili tupu, tena ya bure. Nikakusanya nywele za wateja, nikazifua, nikazianika, nikajaza mto. Usicheke. Nimelalia vichwa vya mtaa mzima, na kila kimoja kimenichoma. Zinapenya kitambaa, najikuna mpaka watu wanadhani nina upele, na sasa hata wateja waliobaki wanapungua. Leta hiyo sufi. Nalala kiubavu.
Baba yako anayewashwa

7 Machi

Shikamoo Baba,
Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea, naye akacheka. Huo mto utupe leo hii.
Nakutumia wa sufi, nimeushona mwenyewe. Nimeujaza sana makusudi. Fungua zipu, toa konzi moja moja mpaka shingo inyooke na mgongo. Usiufue, nakujua wewe na sabuni. Sufi huanikwa juani, basi.
Mwanao

20 Machi

Mwanangu,
Mto umefika, Mungu aibariki mikono yako. Nimetoa sufi, nimerudisha, nimetoa tena. Bado. Nikijilaza, mkono wa kochi unausukuma juu, kidevu kinagusa kifua. Labda sufi nayo si saizi yangu. Juzi kiti changu kilikaa kitupu hadi jioni.
Baba

27 Machi

Shikamoo Baba,
Kochi? Tangu lini unalala kwenye kochi, nawe una kitanda kizima chumbani?
Nimelia, sikufichi. Unakiogopa kile kitanda bila Mama. Hata mimi ningekiogopa. Lakini hakuna mto utakaokulaza vizuri kwenye kochi. Tandika shuka safi, anza na mchana, mlango wazi, redio ikiongea. Ukishindwa nitakuja, nikae chumba cha pili.
Mwanao anayekupenda

30 Aprili

Baba,
Mwezi mzima kimya. Nakula sishibi. Nimekata tiketi ya basi, nakuja na mtoto.
Mwanao

5 Mei

Mwanangu,
Nisamehe. Kila nilipoanza kukuandikia nilikuwa nimesharudi kwenye kochi, nikaona aibu. Mchana niliweza, usiku nikashindwa. Jumatatu nikasema liwalo na liwe. Nikatandika, nikaweka mto wako, nikamsalimia mama yako, nikalia kidogo. Kingine sikumbuki.
Asubuhi mlango ukagongwa utadhani nyumba inaungua. Wateja walikuwa wamekuta banda limefungwa, jua limeshapanda, wakaja na seremala jirani kuvunja kitasa. Mwalimu mkuu naye alikuwemo, macho mekundu. Nikawafungulia, mistari ya foronya imejichora shavuni, nikawauliza kuna msiba wa nani.
Tiketi usiirudishe, njooni. Nimeshafagia chumba cha pili.
Walidhani nimekufa, mwanangu. Kumbe nilikuwa nimelala.
Baba yako