Sahihi Yangu kwa Bwana Lukas

Jumatatu, 4 Oktoba 1999. Dzaleka, kambi ya wakimbizi, Malawi.
Foleni ya maharagwe tangu asubuhi. Kisha nimeandika kurasa mbili za kitabu changu cha uchapaji picha, sura ya asidi. Bamba la shaba linapakwa nta, linachorwa kwa sindano, linatumbukizwa kwenye asidi. Asidi inakula pale sindano ilipopita. Halafu wino, halafu karatasi. Naandika hayo mahali pasipo na shaba wala asidi. Ujinga.
Bukavu nilitunza makabati saba ya picha zilizochapwa hivyo kwenye shule ya sanaa. Vita vilipoingia tulikimbia na nguo tu. Pengine leo mtu anafungia karanga kwa karatasi zake.
Deo anakohoa. Vumbi la hapa linamuua mume wangu pole pole.

Alhamisi, 7 Oktoba
Lilongwe, kwa lifti ya lori la mahindi. Pasta wa kanisa letu alinipeleka kwa Bwana Lukas, mzungu mwenye duka la picha. Aliishi Bujumbura zamani, Kiswahili anakijua. Akanionyesha picha moja, wanawake wanatwanga. Anataka niwaandikie wateja wake kwamba ilitoka kwenye bamba, kwa mkono wa msanii. Naye ataniandikia barua ya kazi, turuhusiwe kutoka kambini tuhamie mjini.
Nikaweka kioo cha kukuzia. Nukta, nukta, zimejipanga kama za gazeti. Pembeni karatasi haina alama ya kukandamizwa na bamba. Ni ya kiwandani.
Sikumwambia. Nilisema nitafikiri. Mwoga.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nimemwambia Deo. Akaacha cherehani.
"Hiyo ukweli yako tutaikula?"
Nikainama kuchochea moto.
"Batu bote banadanganya kwenye bureau ya wakimbizi. We njo mtakatifu peke yako?"
Nilimchukia. Hata jioni tulipokula nsima, ugali wa hapa, sahani moja.

Jumapili, 10 Oktoba
Pumzi ilimkata kanisani, katikati ya wimbo. Midomo ikageuka rangi. Tukampakia kwenye kabaza, mwenye baiskeli akanyonga, mi nakimbia pembeni nimemshika mgongo. Zahanati walimchoma sindano. Muuguzi akasema mgonjwa huyu asikae kwenye vumbi. Kama vile tulichagua.

Jumanne, 12 Oktoba
Nimeandika. Ukurasa mzima, Kifaransa safi. Nimesifia mistari ambayo haikuwahi kuchorwa na sindano yoyote. Nikaweka jina, cheo cha Bukavu, sahihi.
Kilichoniudhi zaidi: nimeandika vizuri. Miaka miwili sijaandika vizuri hivyo.

Ijumaa, 29 Oktoba. Mchesi, Lilongwe.
Barua ilikubaliwa. Tuna chumba kimoja, mlango wa bati. Deo amelala wiki nzima bila kukohoa.
Leo nilienda dukani. Picha imeuzwa, wateja wameshasafiri nayo. Moyo ukanishinda, nikamwambia Bwana Lukas kweli yote. Hata hakuacha kufunga kifurushi chake.
"Nilijua, madame. Niliikata mwenyewe kwenye kalenda."
"Sasa mi ulinitafutia nini?"
"Mtaalamu mwenye adresi, watu wangemfuata kumuuliza. Wewe nani atakutafuta?"
Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei. Nikatoka. Nimetembea mpaka mtaa wa Kauma bila kujua naenda wapi, nikageuka.
Niliuza jina nikidhani lina thamani. Yeye alilinunua kwa sababu halina.

Jumatano, 3 Novemba
Deo anaimba akishona. Ningependa afurahi kimya kimya. Nimemfokea bure. Hajui nimeambiwa nini, na sitamwambia. Atasema: sasa je?
Ana haki. Hilo ndilo baya.

Jumapili, 14 Novemba
Mvua ya kwanza. Ua wote matope, hewa safi.
Jirani, mama mmoja wa Uvira, alikuwa anachambua mchele kibarazani. Akaniuliza kule kwetu nilikuwa nafanya kazi gani.
"Nilikuwa nashona," nikasema. Picha sikuzitaja.
Akafurahi. Akaingia ndani, akaniletea sketi ya binti yake, ndefu mno. Nimeipunguza leo mchana, mlango wazi, mvua inanyesha. Pindo limekaa sawa.