Mkwe Wangu Kwenye Mnyororo

Jumatatu, 10 Julai 1911. Ngana.

Nimetwanga mpunga tangu jua lichomoze na bado nusu. Viganja vinawaka moto. Nikiwa katikati ya kutwanga amepita mjumbe wa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, na habari. Baba mkwe yuko gerezani, boma la ziwani, kwenye mnyororo.

Kosa lake ni ng'ombe. Alivusha dume mto Songwe kwenda kwenye msiba wa ndugu yake, na serikali imekataza ng'ombe kuvuka kwa ajili ya ugonjwa. Mzee alijua sana. Lakini angemzikaje ndugu yake bila ng'ombe? Aliporudi askari walikuwa wanamngoja ukingoni.

Nani atampelekea chakula? Mama mkwe miguu imemvimba, hata kisimani hafiki. Mume wangu Ambakisye yuko Ubena na mizigo ya Wazungu. Shemeji sina. Nimebaki mimi, Tupokigwe, mke wa mwana. Mimi! Mimi ambaye nikisikia mzee anakuja njiani najitupa migombani na kujifunika shuka. Tangu niolewe sijamtazama usoni, na jina lake halijapita mdomoni mwangu. Ndiyo heshima yetu. Mchungaji husema si dhambi kumtazama. Mchungaji hajaolewa huku.

Nimelia kidogo. Halafu, niseme kweli kwa kuwa daftari hili ni langu peke yangu, nimefurahi. Nitaona ziwa! Nitaona meli! Mama mkwe ameniona natabasamu, nikajifanya nakohoa.

Jumanne, 11 Julai. Ziwani.

Nimefika! Miguu si yangu tena. Mto Kiwira nimevuka kwa mtumbwi unaoingiza maji, mwenye mtumbwi anaimba tu. Kichwani mchele, ndizi, na shuka la mzee.

Ziwa. Sikujua kuna maji mengi hivi duniani. Milima ya ng'ambo imesimama ndani yake. Na meli, jamani, meli inatoa moshi! Nimepiga kelele peke yangu njiani kama mwehu.

Nimefikia kwa mama Elisa, Mkisi, mfinyanzi, anayetuletea vyungu Ngana kila baada ya mavuno. Nyumba imejaa vyungu mpaka mlangoni, lazima upite kiubavu. Ameniambia nilale, gereza si mahali pa kwenda na njaa wala usingizi. Mwanamke mkali. Nampenda.

Jumatano, 12 Julai.

Boma ni ua mkubwa, ukuta wa udongo, bendera juu, lango moja. Wanawake tumejaa hapo kabla jua halijawa kali. Mambo ya gereza hakuna anayekueleza. Unajifunza kwa kupigiwa makelele.

Chungu hakiingii, wanasema kigae kinakata. Wali wangu umehamia kwenye jani la mgomba palepale chini, mchanga kidogo umeingia. Tumbaku haiingii. Shuka hukung'utwa na kugeuzwa nje ndani. Aliyeleta chakula huonja kwanza mbele ya askari, tena tonge la kushiba, si la kulamba. Ukiongea Kinyakyusa langoni wanadhani unawatukana. Na ukiukuta mnyororo wa wafungwa barabarani usiukaribie hata kama wako yumo. Ngoja baragumu la mchana, wakirudi kula ndipo unamwona. Nikirudi nitawatangazia wanawake wote wa Ngana, wasije wakaaibika kama mimi.

Maana nimeaibika. Ombasha, mkubwa wa askari wa zamu, mtu wa mbali mwenye sharubu, aliniuliza jina la mfungwa. Nikasema ni baba wa mume wangu. Jina! Ni yule mzee wa Ngana aliyevusha ng'ombe. Jina! Wanawake wote nyuma yangu walijua taabu yangu, wakaanza kuguna kwa huruma. Yeye peke yake ndiye hakujua. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akasema mimi mwongo, nakuja kuwauzia wafungwa wali, nipishe njia.

Nimerudi na wali wangu. Tumeula mimi na mama Elisa kwa hasira. Ulikuwa mtamu, na hilo limeniudhi zaidi.

Alhamisi, 13 Julai.

Leo! Sijui nianzie wapi.

Langoni nimekutana na Gwakisa, mtu wa Ipinda, ambaye kaka yake amefungwa humo humo. Anamjua mzee wetu. Nikamwomba, akataja jina kwa niaba yangu, kwa sauti, na mimi nimeziba masikio. Ombasha akakubali chakula kipite. Nikaonja tonge. Nikafurahi nusura niruke. Nikasema moyoni, kumbe rahisi hivi!

Halafu baragumu. Mnyororo ukaja, chuma kinalia, na mtu akasema, yule kule mzee wa Ngana.

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Miguu iliondoka yenyewe. Nilijifunika shuka gubigubi, nikaruka mfereji, nikaingia migombani kwa watu. Nyuma nasikia filimbi, kelele, viatu vya askari. Ombasha alidhani nimetia sumu nikakimbia! Walinikamata nimechuchumaa nyuma ya mgomba, macho nimefumba. Wakanirudisha na kunilazimisha kula karibu nusu ya wali ule. Nimekula nimeupa mnyororo mgongo. Gwakisa anasema mzee naye aliponiona alijificha nyuma ya mwenzake, akauvuta mnyororo mpaka watu wakaanguka.

Mama Elisa, aliyekuja mbio aliposikia kelele, ndiye aliyemweleza ombasha desturi yetu. Ombasha alicheka mpaka akakaa chini. Wafungwa wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee amekula. Chakula kimemfikia!

Ijumaa, 14 Julai.

Habari mbaya na habari nzuri zimekuja pamoja, kichwa kinaniwanga.

Mbaya: Jumatatu mnyororo wote unapelekwa boma kuu huko milimani, kujenga. Kule ni baridi na mvua. Mzee anakohoa, Gwakisa anasema anashika kifua. Akipelekwa harudi. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Nzuri: karani amesema kesho Bwana Mkubwa, Mzungu wa boma, atawasikiliza wafungwa wazee. Mzee mwenye kosa dogo anaachiwa, kama ndugu wa nyumbani kwake atakuja kumchukua. Ndugu mwenyewe asimame mbele ya meza, amwonyeshe mtu wake kwa mkono, amtazame usoni, ataje jina. Wafungwa marufuku kusema neno, maana kuna kijana mmoja aliwahi kuitikia jina la mzee akaondoka zake.

Gwakisa alitaka kujifanya ndugu yetu. Ombasha akamwambia ndugu yako ni yule, una ndugu wangapi wewe? Mama mkwe hawezi kuletwa hata kwa machela, hakuna wabebaji. Kwa hiyo ni mimi au ni milima.

Nimekasirika. Namkasirikia Mzungu, ombasha, yule dume la ng'ombe, Ambakisye kwa kuwa mbali. Namwogopa mzee. Namhurumia. Wanasema mwanamke akimtazama mkwe wake mwili huvimba, hazai. Mchungaji anasema ni uongo. Kesho nitajua nani mkweli.

Jioni nimekwenda ufukoni kujaribu jina. Nimetazama kulia, kushoto. Nikalisema, kwa kunong'ona, kwa maji. Halafu nimekimbia mpaka kwa mama Elisa bila kugeuka nyuma. Na, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka.

Jumamosi, 15 Julai.

Nimeweza! Nimeweza! Wino umenimwagikia kwenye nguo, potelea mbali.

Niandike kwa taratibu.

Mama Elisa alinifunga kaniki yake mpya. Akaniambia nikifika mbele ya meza nisimame wima, Wazungu hawapendi mtu anayejikunja. Uwanjani meza, Bwana Mkubwa na kofia yake, karani wa kufasiri, ombasha. Upande wa pili wazee kwenye mstari, wamefunguliwa mnyororo lakini wamekatazwa kusema. Watu wengi nje ya ua wanachungulia. Wamesikia habari ya mke wa mwana. Wangekosaje?

Nikaitwa. Nimejifunika shuka mpaka puani. Karani akasema, onyesha mtu wako.

Nikajiambia, haya, liwalo na liwe. Nikainua macho kidogo, kidogo tu, nimwonyeshe. Na hapo ndipo niliposhikwa na butwaa.

Simjui.

Wazee wamejipanga, wote mvi, wote wamekonda, wote wanatazama chini kwa haya, na mimi simjui mkwe wangu ni yupi! Nitamjuaje? Sijapata kumwona. Naijua sauti yake, anavyomwita mama, anavyowafukuza kuku. Nakijua chakula anachokipenda na ninachokosea chumvi. Sura yake sijui. Mimi niliogopa kumtazama, nikasahau kwamba hata nikimtazama hainisaidii. Nje ya ua watu wakaanza kucheka. Ombasha akasema, nilisema mwongo huyu.

Machozi yakaja. Nikainamisha kichwa kama ninavyofanya nyumbani. Na kwa kuinama nikaiona miguu yao.

Miguu! Miguu yake naijua! Ndiyo ninayoiona kila anapopita nami nimeinama. Nikaanza mwanzo wa mstari. Huyu siye. Huyu siye, nyayo fupi. Huyu siye. Halafu kidole gumba kimemlalia mwenzake, na kovu la jembe juu yake. Nikasema, huyu! Nimepiga kelele, hata Bwana Mkubwa ameruka kwenye kiti.

Nikadhani yamekwisha. Hapana. Karani akasema, mtazame, taja jina.

Nikaliondoa shuka kichwani. Nje kicheko kikakatika, Wanyakyusa wote wanajua nilichokuwa nafanya. Mwanamke mmoja akasema, yoo, mama. Nikainua uso. Nikamtazama. Ni mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, masikio ya Ambakisye kabisa. Nikalitaja jina lake, lote, na la baba yake, kwa sauti ya kusikika. Hapa sitaliandika, inatosha mara moja.

Na yeye alikuwa amefumba macho. Ameyabana mpaka uso umekunjamana. Walimkataza kusema, hawakumkataza kufumba. Alinifichia aibu kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Bwana Mkubwa akasema maneno, karani akafasiri: aende, asivushe tena ng'ombe, kila mwezi aripoti kwa jumbe. Basi! Ombasha akanipisha njia. Hakucheka. Alinipigia saluti, nadhani kwa utani, lakini sina hakika.

Nimecheza. Mbele ya lango la boma, mimi na mama Elisa, na wanawake tusiojuana majina. Nimemwambia ndaga, ndaga, asante ya kwetu, mpaka akanisukuma.

Gwakisa amemchukua mzee alale kwa wenyeji wake. Kaka yake yeye ni kijana, hakuachiwa, Jumatatu anakwenda milimani. Nimempa Gwakisa shuka nililomletea mzee, ampelekee kaka yake kule kwenye baridi. Akalipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 16 Julai. Njiani.

Tumetoka baada ya ibada. Mzee mbele, mimi nyuma mbali, mpaka namwona mdogo kama kuku. Akipumzika, napumzika. Akiinuka, nahesabu kidogo, nainuka. Tukikutana na watu anawaambia, nyuma yangu anakuja mtu, mwambieni kuna tope hapa apite juu. Watu wananiambia. Mimi nawarudishia salamu, wanacheka wanaondoka zao, mzee wameshampita.

Kiwira alivuka kwanza. Mtumbwi ukarudi kunichukua. Mwenye mtumbwi akasema mzee wa mbele amenilipia kwa ndizi zake zote.

Anakohoa bado. Lakini anatembea.

Jumatatu, 17 Julai. Ngana.

Mwili haujavimba. Nimejitazama asubuhi.

Mama mkwe alipomwona mzee alishika mwimo wa mlango. Baadaye akanikumbatia, akanusa nguo yangu, akasema unanuka samaki. Nikampelekea maji ya moto kwa miguu yake. Wanawake wa jirani wamekuja kuniuliza boma likoje, nikawaeleza habari ya majani ya mgomba, na kuonja, na baragumu. Habari ya jina sikueleza. Wameshaisikia, nimeona wanavyonitazama. Wengine kwa heshima, wengine vinginevyo. Hainiumi sana.

Jioni nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga. Mzee alikuwa ndani na mkewe, ukuta ni wa matete, na anajua kabisa nasikia. Akamwambia, pale bomani nilifumba macho, mama Ambakisye. Nilifumba kweli. Lakini nilichelewa kidogo.

Mama akauliza, ukaona nini?

Akasema, miaka yote nakula chakula cha mtu nisiyemjua. Ana uso wa mtoto bado.

Niliweka mchi chini. Nikauokota tena, nikaendelea kutwanga, polepole, wasikilizane.